Mabingwa Wasio na Chuo: Mataji Matatu ya Wahoo, Nebraska

Katika ngazi ya juu ya softiboli ya vyuo vya Marekani, ni timu tatu tu zilizowahi kutwaa ubingwa wa taifa miaka mitatu mfululizo. UCLA ya Los Angeles ilifanya hivyo kuanzia 1988 hadi 1990. Oklahoma ilianza 2021 na haikushikika mpaka ilipobeba taji la nne mwaka 2024. Timu ya tatu ilizitangulia zote mbili. Ilibeba taji la 1969, la 1970 na la 1971, yaani mataji matatu ya mwanzo kabisa tangu mashindano hayo yaanzishwe, lakini mashabiki wengi wa leo hawajapata kulisikia jina lake.

Timu hiyo iliitwa Patriettes, na ilikuwa ya John F. Kennedy College, chuo kidogo katika mji wa Wahoo, jimbo la Nebraska. Ukienda Wahoo leo kutafuta chuo hicho hutakikuta. Kilifunguliwa 1965, kikafungwa 1975. Katika miaka kumi hiyo kilifanikiwa kuwa na timu ya wasichana iliyowashinda wote, kisha kikazama nayo.

Timu nyingi za michezo vyuoni Marekani hufa kwa kalamu. Mkurugenzi wa michezo hukaa na mhasibu, wakapitia bajeti, na kesho yake wachezaji wakaitwa ukumbini kuambiwa kwamba msimu huu ndio wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2013 katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, kilipotangaza kufuta timu saba kwa mkupuo mmoja, softiboli ikiwamo. Kisa cha Wahoo ni cha aina nyingine. Hakuna aliyekaa akaamua kuifuta timu ile, maana ilianguka pamoja na paa lililokuwa juu yake. Na mtu akikifuatilia kisa hicho tangu mwanzo, ataona kwamba mambo yaliyoiua timu ndiyo yaleyale yaliyoizaa.

Mchezo wa viwandani

Msomaji aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya na kucheza rounders hatapata taabu kuielewa softiboli. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kuurusha mpira kwa mkono unaopitia chini, usawa wa paja. Mpigaji huusubiri na gongo lake, akiupata hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akivimaliza vinne bila kutolewa anaipatia timu yake pointi. Ni ndugu mdogo wa besiboli: uwanja wake ni mfupi zaidi, mpira wake ni mkubwa zaidi, wenye mzingo wa takriban sentimita 30, na mechi ina awamu saba badala ya tisa.

Mchezo huu ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo la klabu ya wapiga makasia ya Farragut. Vijana walikuwa wamekusanyika Siku ya Shukrani wakisubiri matokeo ya mechi ya Harvard na Yale. Matokeo yalipofika, mmoja akarusha glavu kuukuu ya ndondi, mwenzake akaipiga kwa fimbo. George Hancock, aliyekuwa pale, akaifunga glavu ile kwa kamba ikawa mpira, na mchezo wa ndani ya ukumbi kwa siku za baridi ukaanza. Ulitoka nje ukasambaa, na mwaka 1933 ukapata chama chake cha kitaifa, ASA.

Kufikia miaka ya 1960 wanawake wa Marekani walikuwa wakiucheza kwa kiwango cha juu sana, lakini waliuchezea viwandani. Timu iliyotisha kuliko zote ilikuwa Raybestos Brakettes ya Stratford, Connecticut, iliyofadhiliwa na kiwanda cha breki za magari. Mrushaji wake, Joan Joyce, alimkabili Ted Williams mwaka 1961 katika mechi ya maonyesho mjini Waterbury. Williams alikuwa mmoja wa wapigaji bora kuliko wote katika historia ya besiboli, na bado binti yule alimtoa jasho mbele ya umati. Mwaka 1965 yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya softiboli ya wanawake mjini Melbourne, na Australia ikaifunga Marekani katika fainali.

Vipaji basi vilikuwapo. Vyuoni, hata hivyo, msichana mwenye mkono kama wa Joyce hakuwa na mahali pa kuchezea panapostahili. Wanaume walikuwa na viwanja, makocha wanaolipwa na nauli za kusafiri. Wanawake walikuwa na mwalimu wa elimu ya viungo aliyefundisha baada ya saa za kazi, jezi moja iliyotumika kwa michezo mitatu, na gari la mwalimu huyohuyo. Wakuu wengi wa elimu ya viungo kwa wanawake waliamini kwamba ushindani mkali ungewaharibu wasichana kwa namna ulivyokwisha kuwaharibu wavulana, wakapendelea siku za michezo za kirafiki zinazoishia kwa biskuti na maji ya matunda.

Chuo kilichozaliwa na vita

Wahoo ni makao makuu ya wilaya ya Saunders, magharibi mwa Omaha, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Wakati huo mji ulikuwa na watu wasiofika 4,000, lakini kwa udogo wake umetoa watu mashuhuri kupita kiasi. Sam Crawford, gwiji wa besiboli wa mwanzoni mwa karne ya 20, alitoka huko na akapewa jina la utani la Wahoo Sam. Darryl F. Zanuck, mmoja wa wakubwa wa filamu wa Hollywood, alizaliwa huko. Vivyo hivyo mtunzi wa muziki Howard Hanson na George Beadle, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa utafiti wake wa jeni.

Mji huo pia ulizoea kuwa na chuo. Tangu 1883 Walutheri wenye asili ya Uswidi walikuwa na shule yao pale, iliyokuja kuitwa Luther College. Mwaka 1962 shule hiyo iliunganishwa na chuo cha Midland cha mji jirani wa Fremont, walimu na wanafunzi wakahama, na Wahoo wakabaki wanatazama majengo matupu. Kwa mji wa kilimo, chuo ni kodi za nyumba, ni wateja wa duka na mgahawa, ni sababu ya vijana kuja badala ya kuondoka. Wafanyabiashara wa mji wakaanza kutafuta namna ya kuyajaza majengo yale tena.

Jibu walilipata katika jimbo jirani la Iowa. Huko Fairfield, mkuu wa Parsons College, Millard Roberts, alikuwa akikiendesha chuo kama biashara. Alipokea vijana waliokataliwa au kufukuzwa kwingine, akawatoza ada nono, akaajiri walimu kwa mishahara minono, na kwa muda fulani hesabu zikatoka vizuri. Miji kadhaa ya uwanda wa kati wa Marekani ilivutiwa na mfano huo, kila mmoja ukataka Parsons yake. Scottsbluff wakaanzisha Hiram Scott College, Beatrice wakaanzisha Pershing College, Denison wakaanzisha Midwestern College. Wahoo wakaanzisha chao mwaka 1965 na kukipa jina la rais aliyeuawa miaka miwili kabla.

Mwaka huohuo Marekani ilianza kumwaga wanajeshi wa ardhini Vietnam. Kijana wa kiume aliyekuwa chuoni aliahirishiwa kuandikishwa jeshini, na aliyefukuzwa chuo alirudi kwenye orodha. Kwa hiyo kijana mwenye alama mbovu na mzazi mwenye uwezo alikuwa tayari kulipa ada popote palipo na nafasi. Vyuo vya aina ya Parsons vilikuwa na nafasi. Havikutangaza kwamba vinauza kinga dhidi ya vita, lakini soko lilijua.

Msingi huo ulikuwa wa mchanga. Mwaka 1966 gazeti la picha la Life liliianika Parsons mbele ya nchi nzima, na mwaka 1967 chuo hicho kikanyang'anywa ithibati. Mwaka 1971 serikali ilifuta uahirishaji kwa wanafunzi wapya, na 1973 uandikishaji wa lazima wenyewe ukakoma. Wimbi lililovileta vyuo hivyo lilirudi baharini navyo kimoja kimoja. Midwestern kilifungwa 1970, Pershing 1971, Hiram Scott 1972, Parsons chenyewe 1973.

Kwa nini wasichana?

Chuo kipya hakina jina. Hakina wahitimu matajiri wa kukichangia, hakina maktaba ya kujivunia, na mzazi akikisikia mara ya kwanza huuliza kama ni chuo kweli. Nchini Marekani njia ya mkato ya kutoka katika hali hiyo ni michezo. Ushinde, uandikwe magazetini, jina lizoeleke masikioni, wanafunzi waje.

Shida ni kwamba katika Nebraska njia hiyo ilikuwa imeshazibwa. Kusini kidogo mwa Wahoo ndiko Lincoln, kwenye Chuo Kikuu cha Nebraska, ambacho timu yake ya kandanda ya Kimarekani chini ya kocha Bob Devaney ilitawazwa bingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971. Jumamosi za vuli jimbo zima lilikuwa likitazama Lincoln. Chuo cha watoto wa juzi kingeweza kutumia fedha zake zote kwa timu ya wavulana na bado kisipate hata safu moja ya gazeti.

Michezo ya wanawake ilikuwa shamba lisilo na mwenyewe. Vyuo vikuu vyenye fedha havikuwa na haja nayo. Jimbo jirani la Iowa lilikuwa limeonyesha kwa miongo mingi kwamba wasichana wanaweza kuvuta watu: mashindano yake ya mpira wa kikapu wa wasichana, uliochezwa na wachezaji sita kila upande, yalijaza ukumbi mjini Des Moines kila mwaka. Na mfano wa chuo kidogo kujijengea jina kwa wanawake ulikuwapo pia: Wayland Baptist, katika mji wa Plainview, Texas, kilikuwa kimepata umaarufu kwa timu yake ya kikapu, Flying Queens, iliyoshinda mechi 131 mfululizo miaka ya 1950.

Kwa hiyo John F. Kennedy College kikawekeza kwa wasichana, katika kikapu na katika softiboli. Itakuwa kujidanganya kudhani kwamba kilisukumwa na imani ya usawa. Kilikuwa kinatafuta nafasi sokoni, na nafasi iliyobaki ilikuwa ile ambayo wakubwa waliidharau. Wasichana waliojiunga nacho walipata kitu ambacho karibu chuo kingine chochote cha jirani hakikuwapa: timu inayochukuliwa kwa uzito.

Omaha, 1969

Tangu 1950 Omaha ilikuwa mwenyeji wa fainali za besiboli za vyuo kwa wanaume, mashindano ambayo mji huo uliyapenda kama mtoto wake. Mwaka 1969 watu wa softiboli wa mji huo waliona hakuna sababu wanawake wasiwe na ya kwao. Chama cha ASA kikashirikiana na DGWS, kitengo cha walimu waliosimamia michezo ya wasichana na wanawake, na fainali za kwanza za taifa za softiboli ya wanawake wa vyuo zikafanyika hapohapo. Katika waliozisimamisha alikuwamo Connie Claussen, mwalimu wa elimu ya viungo wa Chuo Kikuu cha Nebraska cha Omaha. Kwa miaka iliyofuata Claussen alikuwa mwenyeji, mwandaaji na kocha kwa wakati mmoja.

Hakukuwa na mechi za mchujo nchi nzima. Zilikuja timu chache zilizoweza kujigharimia, nyingi zikiwa za Nebraska kwenyewe na majimbo ya jirani. Hakukuwa na televisheni, na hakuna mchezaji aliyetarajia zaidi ya medali na safari ya kurudi nyumbani usiku. Patriettes hawakuhitaji kusafiri mbali, lakini walipofika walionyesha tofauti ya timu iliyofundishwa kila siku na timu iliyokusanywa wiki za mwisho wa muhula.

Fainali ya 1969 waliishinda Illinois State, chuo chenye sifa kubwa katika kufundisha walimu wa elimu ya viungo. Mwaka 1970 wakaishinda Southwest Missouri State. Mwaka 1971 zamu ikawa ya Iowa State. Kwa miaka mitatu vyuo vya serikali vyenye maelfu ya wanafunzi vilikuja Omaha na kurudi mikono mitupu, huku kombe likipelekwa Wahoo.

Mwaka 1972 Arizona State ndiyo iliyotwaa taji, baada ya kuifunga katika fainali timu ya chuo cha wanawake kutoka Tokyo, na 1973 ikalitetea kwa kuilaza Illinois State katika mechi iliyokwenda awamu 16. Mashindano yalikuwa yamekua kutoka shughuli ya majirani hadi kupokea wageni kutoka Japani.

Kutoka Wahoo hadi Beijing

Wasichana wa Wahoo walikuwa bado hawajamaliza kazi. Upande wa kikapu, Patriettes walitwaa ubingwa wa AAU, chama kilichosimamia michezo ya ridhaa nchini Marekani, mwaka 1972 na tena 1973. Huo ndio uliokuwa ubingwa mkubwa wa wanawake kwa miongo mingi, na kuupata kulimaanisha kuwarithi Flying Queens waliokuwa wameutwaa miaka miwili iliyotangulia.

Ubingwa huo ukawapeleka mbali. Marekani na China zilikuwa zimeanza kusogeleana tangu wacheza mpira wa meza wa Marekani walipoalikwa China Aprili 1971, na Rais Richard Nixon alikuwa amezuru Beijing Februari 1972. Nchi hizo zilikuwa bado hazina uhusiano kamili wa kibalozi, jambo lililosubiri hadi 1979, hivyo michezo ilitumika kupasha moto mahali ambapo mabalozi hawakuwapo. Katika kiangazi cha 1973 Marekani ilipeleka China timu za mpira wa kikapu. Ya wanaume ilikuwa mkusanyiko wa wachezaji wa vyuo mbalimbali. Ya wanawake ilikuwa John F. Kennedy College.

Hebu tuupime uzito wa jambo hilo. Chuo ambacho vyuo vya jirani vya aina yake vilikuwa vikifungwa mwaka baada ya mwaka, kutoka mji usiofikisha watu 4,000, kilibeba bendera ya Marekani mbele ya Wachina. Vyuo vikuu vingi vilivyokuwa na majina havikuwa na timu ya wanawake ya kiwango hicho.

Sheria ilipofika

Wakati huohuo ardhi chini ya michezo ya wanawake ilikuwa inasogea. Mwaka 1971 walimu wanawake waliunda AIAW, chombo chao cha kusimamia michezo ya wanawake vyuoni. Kilikuja na kanuni nyingi nzuri na moja iliyozua ugomvi: kilikataza wachezaji kupewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Waasisi wake walikuwa wameona jinsi wavulana walivyonunuliwa, wakadanganywa na kutupwa, na hawakutaka wasichana wapitie hayo. Lakini kwa binti wa mkulima asiye na ada, kanuni hiyo iliyotungwa kumlinda ndiyo iliyomfungia lango la chuo. Mwaka 1973 wachezaji na makocha wa tenisi kutoka Florida waliipeleka mahakamani, na AIAW ikaiacha.

Tarehe 23 Juni 1972 Nixon alikuwa ametia saini sheria ya elimu yenye kifungu kiitwacho Title IX. Kwa sentensi moja tu, kilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Hakikutaja michezo, lakini ni katika michezo kilikoleta mtikisiko mkubwa kuliko kwingine. Katika mwaka wa masomo wa 1971 na 1972 wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari nchini Marekani walikuwa takriban 294,000. Leo wanazidi milioni 3.

Vyuo vikuu vilivyokuwa vimelala vikaamka, vingine kwa hiari, vingi kwa kuogopa mahakama. Vikaanza kuajiri makocha, kujenga viwanja, kutoa ufadhili. Shamba lisilo na mwenyewe likapata wenyewe wengi, tena wenye matrekta. Chuo kidogo kilichotegemea ada za vijana waliokimbia vita hakikuwa na cha kushindania, kwa kuwa vita ilikuwa inakwisha na ada hizo zinakwenda nayo.

John F. Kennedy College kilifunga milango yake 1975. Mwaka huohuo taji la softiboli lilibaki Nebraska, kwa timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska cha Omaha, ikiongozwa na Connie Claussen. Miaka miwili baadaye, 1977, Chuo Kikuu cha Nebraska cha Lincoln nacho kikaanza kucheza softiboli rasmi. Jimbo halikupoteza mchezo. Mchezo ulihamia kwa wakubwa, na tangu hapo umebaki kwao. Agosti 2023 uwanja wa kandanda wa Lincoln ulijazwa na watu 92,003 waliokuja kutazama mechi ya mpira wa wavu ya wanawake.

Daftari linaloanza 1982

Kwa nini basi jina la Wahoo halitajwi kila msimu wa fainali unapofika? Kwa sehemu ni kwa sababu ya vita vingine, vya wasimamizi. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, kwa miaka mingi kilijishughulisha na wanaume tu. Ilipoonekana kwamba Title IX haitaondoka na kwamba michezo ya wanawake inaweza kuwa na thamani, kikageuka. Mwaka 1982 kulikuwa na mabingwa wawili wa softiboli: Texas A&M kwa upande wa AIAW, walioshindania Norman, Oklahoma, na UCLA kwa upande wa NCAA, walioshindania Omaha. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho kwa AIAW. Haikuweza kushindana na chama kilichokuwa na fedha za televisheni, na kesi yake dhidi ya NCAA ikashindwa mahakamani.

Aliyeshinda akaandika daftari. Orodha ya mabingwa wa softiboli ya NCAA huanza na UCLA ya 1982. Yaliyotangulia yanabaki katika vitabu vya wapenzi wachache wa historia, katika kumbukumbu za majimbo, na katika vyuo vyenyewe vilivyoshinda. Hapo ndipo Patriettes walipopotea mara ya pili. Mara ya kwanza walipoteza chuo, mara ya pili wakapoteza ukurasa.

Chuo kilicho hai huilinda historia yake hata pale kinapofuta timu. Makombe hubaki kabatini, wahitimu hukutana, na mara nyingine hupigana. Chuo Kikuu cha Stanford kilitangaza Julai 2020 kwamba kitafuta michezo 11. Wahitimu wenye fedha, majina na mawakili wakasimama, na Mei 2021 uamuzi ule ukabatilishwa. Mchezaji wa zamani wa Wahoo hana mkuu wa chuo wa kumwandikia barua, wala ofisi ya michezo ya kudai bango la ubingwa litundikwe.

Fedha zinapokwenda

Kisa hiki kina la kusema kuhusu softiboli ya sasa, ambayo imekuwa biashara kubwa. Fainali za wanawake, zinazochezwa Oklahoma City, zimewahi kuvuta watazamaji wengi wa televisheni kuliko fainali za besiboli za wanaume, kama ilivyokuwa 2021. Mwaka 2024 mrushaji NiJaree Canady alihama Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka mmoja, na msimu uliofuata akaifikisha timu hiyo kwenye fainali, ikafungwa na Texas. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kugawana mapato na wachezaji wao moja kwa moja.

Ni haki kwa wachezaji kulipwa jasho lao. Lakini fedha hizo zinatoka bajeti ileile inayolipia timu nyingine, na vyuo vidogo vinavyojaribu kufuatana na vikubwa vitatafuta cha kukata. Wasichana wanaochezea vyuo vya miji midogo wana kila sababu ya kuangalia hesabu za chuo chao kwa makini kama wanavyoangalia matokeo ya mechi. Timu ya Wahoo haikukosa ushindi, wachezaji wala kocha. Ilikosa mwajiri mwenye uhai.

Inafaa pia kukumbuka kwamba maendeleo ya wanawake michezoni hayakuletwa na sheria peke yake. Kabla ya Title IX walikuwapo walimu kama Claussen waliofanya kazi bila malipo, viwanda vilivyotaka kutangaza breki zao, na chuo kimoja kilichokuwa tayari kujaribu chochote ili kijazwe. Nia zao zilikuwa tofauti, nyingine hazikuwa safi sana, lakini zote ziliwapa wasichana uwanja. Sheria ilikuta mchezo upo na mabingwa wapo.

Mwaka 2028 softiboli inarudi katika Michezo ya Olimpiki, na ingawa mwenyeji ni Los Angeles, mechi zake zimepangwa kuchezwa Oklahoma City. Historia ya mchezo wa vyuo itasimuliwa upya kwa ulimwengu. Ikianzia 1982 itakuwa imeruka mashindano 13 na mabingwa wa vyuo tisa. Vyuo vinane kati ya hivyo bado vipo na vinaweza kujisemea. Cha tisa ndicho kilichotwaa mataji mengi kuliko wenzake katika miaka hiyo, na kukiandika katika daftari la taifa kungeigharimu NCAA mistari mitatu tu.